Aliyempiga Sudi Alikuwa Bado Hajashindwa: Uchambuzi wa Kisa cha Kilo 60

Kwa nini nimeandika

Agosti 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, Vinesh Phogat, mwanamieleka wa India, alishinda mapambano matatu kwa siku moja, akaingia fainali ya kilo 50 ya mtindo huru kwa wanawake. Asubuhi iliyofuata mzani ukamkuta na gramu 100 za ziada. Gramu 100 ni vikombe viwili vya kahawa chungu, vile vidogo visivyo na mkono. Fainali ikampita, fedha ikampita, na jina lake likawekwa mwisho wa orodha kana kwamba hakushinda hata pambano moja. Rufaa yake kwenye mahakama ya michezo ilikataliwa.

Siku ile vijana wa klabu yetu hapa Mombasa waliniuliza jambo kama hilo lawezekanaje. Sikuwa na haja ya kuuliza. Nilikwenda ndani nikatoa daftari langu la miaka michache nyuma, lenye kurasa za kijana wetu mmoja na usiku mmoja ambao bado waniuma. Nimemwomba ruhusa kuandika, naye amekubali. Jina si lake, nitamwita Sudi. Mwaka, michezo yenyewe, jiji ilikofanyika na klabu yetu nimeviacha. Mimi nilikuwa kocha msaidizi, na kazi yangu kubwa ilikuwa uzito wake. Kwa hiyo makosa mengi yaliyomo humu yalipita mkononi mwangu.

Mchezo wenyewe, kwa wasioujua

Mieleka ya Kigiriki-Kirumi hairuhusu kushika chini ya kiuno, wala kutumia mguu kumtega au kumwangusha mwenzako. Vita vyote viko kifuani, mikononi na shingoni. Ukimtazama mchezaji mzuri utaona muda mwingi anapigania kwapa: apenyeze mkono ndani, mwenzake auondoe, aupenyeze tena. Pambano ni vipindi viwili vya dakika 3, katikati mapumziko ya sekunde 30. Anayejivuta bila kushambulia hupewa onyo la ulegevu, mpinzani hupata pointi 1, na mlegevu hulazwa kifudifudi huku mwenzake akimshika kiuno kutoka juu ajaribu kumviringisha. Kila mviringisho ni pointi 2. Kumtupa mtu hewani akaangukia mgongo ni pointi 4, na ikiwa mtupo ni mkubwa, 5. Ukimzidi mwenzako kwa pointi 8, pambano limekwisha. Ukimgandamiza mabega yote mawili chini, limekwisha pia, hata kama ulikuwa nyuma.

Katika Olimpiki darasa jepesi la mtindo huu ni kilo 60, kisha kilo 67. Kwenye mashindano ya dunia kuna 55 na 63 pia, lakini michezo tuliyokwenda ilifuata mpangilio wa Olimpiki.

Yako mambo mawili ambayo kisa hiki hakieleweki bila hayo. La kwanza, tangu 2018, kwenye michezo mikubwa kila darasa huchezwa kwa siku mbili, na mzani ni asubuhi ya kila siku. Siku ya kwanza mzani huwa wazi kwa dakika 30, siku ya pili kwa dakika 15. Unapimwa ukiwa na fulana yako ya mashindano tu, na hupunguziwi hata uzito wa fulana hiyo. La pili ni ile nafasi wanayoiita repeshaji. Ukipigwa na mtu ambaye baadaye akaingia fainali, unarudishwa siku ya pili kugombea shaba, na shaba ni mbili. Asipoingia fainali, umekwenda na maji.

Hili la siku mbili si geni kwenye mchezo huu. Athens 1896 hapakuwa hata na madarasa ya uzito. Carl Schuhmann, Mjerumani mfupi aliyekuwa hasa mwanasarakasi wa viungo, alikutana na Georgios Tsitas wa Ugiriki kwenye fainali, giza likawaingilia, pambano likamaliziwa kesho yake. Tofauti ni kwamba wao hawakupimwa tena asubuhi.

Kilo 60 au kilo 67

Sudi alikuwa na miaka 22, mzaliwa wa kisiwani, mikono mirefu, mbavu zimebana, mafuta mwilini hana. Uzito wake wa kawaida, akila na kunywa vizuri, ulikuwa kilo 64.5. Ukitazama namba hiyo utaona shida yake mara moja: yuko katikati. Kuteremka hadi 60 ni kuondoa kilo 4.5, karibu asilimia 7 ya mwili wake. Kubaki juu acheze 67 ni kukutana na watu ambao kwa kawaida wana kilo 70 au 72 na wameteremka wao.

Tulikaa watu watatu: kocha mkuu, mimi na Sudi. Kocha mkuu alisema kwenye 67 atanyanyuliwa kama gunia. Mimi nilisema mikono yake mirefu itatawala kwenye 60. Sudi alisema, "Nyinyi ndio walimu, mtakaloamua sawa."

Hizo ndizo sababu tulizoandika kwenye fomu. Sababu ambayo hatukuiandika ni kwamba kwenye 67 tulikuwa na mpinzani mmoja hodari nchini ambaye angemnyima Sudi nafasi ya kusafiri, na kwenye 60 njia ilikuwa nyeupe. Tulichagua darasa ambalo angepata tiketi. Sisemi ilikuwa dhambi, kila klabu ndogo yajua thamani ya tiketi moja. Lakini ilipaswa kusemwa wazi mezani, mbele ya kijana mwenyewe, ili ajue anapunguza kilo kwa sababu gani.

Wiki saba Mombasa

Sehemu hii tuliifanya vizuri, na nitaieleza kwa sababu kuna la kuchukua.

Ukumbi wetu una paa la mabati na mkeka mmoja wa zamani tuliouunga kwa gundi ya karatasi. Ilikuwa msimu wa kaskazi. Ukiruka kamba dakika kumi, sakafu inalowa kama imemwagiwa ndoo. Hatukutaka jasho, tulitaka chakula. Tuliondoa mahamri ya asubuhi, tukabakisha mbaazi zisizo na tui. Viazi karai na soda baada ya mazoezi vilikwisha. Wali ulibaki mchana tu, samaki wa kuchoma usiku. Maji hatukugusa kabisa: alikunywa kama kawaida mpaka siku mbili kabla ya mzani. Kwa wiki saba alishuka taratibu kutoka 64.5 hadi 61.8, na nguvu zake kwenye kamba na kwenye mkeka hazikupungua.

Wiki tatu kabla ya safari niliona jambo lililonitia wasiwasi. Mzani wetu ulikuwa ule wa nyumbani, wa kukanyaga, na siku moja Sudi alipimwa kwa mwenye duka la dawa akatoka mzito zaidi. Basi tukafanya hivi. Tulichukua mitungi mitatu ya lita 20, tukaiweka mitupu juu ya ubao, tukapima: kilo 4.1. Kisha nikachukua chupa ya lita moja, nikajaza mitungi ile chupa baada ya chupa, mara sitini, Sudi akihesabu kwa sauti na vijana wakimcheka. Lita 60 za maji ni kilo 60, kwa hiyo mzani ulitakiwa kusoma 64.1. Ulisoma 63.5. Ulikuwa unatudanganya kwa gramu 600, na kwa upande mbaya: unamwonyesha kijana mwepesi kuliko alivyo. Tangu siku ile kila namba niliyoandika niliiongezea 0.6, na mzani huohuo tukaubeba kwenye mkoba mpaka ughaibuni. Ningeshauri kila klabu isiyo na fedha za mzani wa maana ifanye hivyo. Gharama yake ni maji ya mitungi mitatu.

Nilimpima pia asubuhi na usiku kwa siku kumi na moja, nikajua kwamba akilala hupoteza kama gramu 600 kwa pumzi na jasho. Ikumbukeni namba hiyo.

Siku ya kwanza

Kilo 1.8 za mwisho zilitoka kwa siku mbili, kwa kupunguza maji na kuvaa nguo nzito mazoezini. Hazikutoka kirahisi. Jiji lile lilikuwa na baridi na hewa kavu, na jasho ambalo Mombasa linakuja lenyewe kule ilibidi tulitafute. Lakini saa mbili kasorobo asubuhi alipanda mzani wa mashindano, ukasoma 60.0 kamili. Akakaguliwa kucha na ngozi, akashuka, akanywa.

Darasa lake lilikuwa na watu zaidi ya 16, na kura ikamtupa kwenye raundi ya kufuzu. Pambano la kwanza alishinda 6 kwa 1: mpinzani alipata onyo la ulegevu, akalazwa, na Sudi akamviringisha mara mbili, kisha akamsukuma nje ya duara. La pili lilikuwa gumu, 3 kwa 1. Watu wetu wachache waliokuwepo walipiga kelele mpaka mtangazaji akageuka.

Robo fainali alipangiwa mtu mfupi, mpana, asiyejulikana sana. Kipindi cha kwanza Sudi aliongoza 3 kwa 0. Kipindi cha pili niliona kitu ambacho nilikijua kabla hakijatokea. Alikuwa anapenyeza mkono wa kulia kwapani kama kawaida, lakini vidole havikufunga. Aliupenyeza mara tatu, na mara tatu ukateleza ukatoka. Mikono ilikuwa imekufa. Akapewa onyo la ulegevu, mwenzake akapata pointi 1, akamviringisha, 2, na zikiwa zimebaki sekunde arobaini akamkumbatia kifua akamtupa, 4. Sudi akapoteza 7 kwa 3.

Kuanzia saa saba mchana

Hapa ndipo kisa kilipo. Yaliyotangulia ni ya kila siku.

Sudi alitoka mkekani analia. Nilimfunika taulo, tukapita korido hadi chumba cha kubadilishia nguo. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nikamwambia maneno haya, na nimeyaandika kwenye daftari kama yalivyo: "Basi mwanangu, umefanya kazi kubwa. Umemaliza. Kunywa sasa, ule."

Nilisema kwa huruma. Yeyote aliyemwona mtoto yule angesema hivyo. Na wote tuliamini yule aliyempiga atapigwa nusu fainali, maana huko alikuwa anasubiriwa na bingwa wa bara lake. Nilimpima haraka baada ya robo fainali: 60.9. Akanywa chupa ya maji na nusu ya nyingine. Kwenye mkahawa akala supu ya chumvi, wali, kuku, akanywa soda mbili. Kisha akafungua kopo la visheti ambalo mamake alimfungia Mombasa, ambalo alikuwa amelibeba wiki nzima bila kuligusa. Alinigawia na mimi. Tulikula pamoja.

Saa kumi na mbili na nusu jioni nusu fainali ikachezwa. Bingwa alikuwa anaongoza. Zikiwa zimebaki sekunde ishirini yule mfupi mpana alimnyanyua kiunoni, akajipinda nyuma, akamtupa. Kocha mkuu alinipigia simu kutoka ukumbini, nikasikia makelele kabla sijasikia sauti yake. "Ameingia fainali. Sudi amerudi."

Saa mbili usiku tulimpima: 63.1.

Usiku

Mzani ulikuwa saa mbili asubuhi. Kilo 3.1 za kuondoa. Usingizi ungetoa 0.6 kama angelala. Zilizobaki, kilo 2.5, zilikuwa za jasho, kwa mwili ambao ulishakamuliwa siku mbili mfululizo na kucheza mapambano matatu.

Tulikutana chumbani kwa meneja: meneja, kocha mkuu, mimi. Sababu za kujaribu zilikuwa na uzito wake, na sitazidharau leo kwa kuwa najua mwisho. Mapambano mawili tu yalikuwa kati yake na shaba. Shaba ile ingebadilisha maisha yake, ingefungua mlango wa ufadhili, na klabu yetu ingepata mkeka mpya. Tena, kwa kanuni zilizotumika pale, aliyeitwa mzani wa pili asipofika au akizidi huondolewa na kuwekwa mwisho bila nafasi. Yaani kukaa kitandani kungefuta hata ushindi wake wa asubuhi. Meneja aliuliza kama barua ya daktari ingesaidia. Haikuweza, kwa sababu aliyeumia mkekani siku ya kwanza ndiye anayesamehewa mzani wa pili. Anayeugua usiku hotelini hasamehewi.

Tukaamua kujaribu. Hatukukubaliana tutaishia wapi. Hakuna aliyesema ikifika saa fulani, au akionyesha dalili fulani, tunaacha. Hilo ndilo kosa kubwa la usiku ule.

Nilipokwenda kumwambia, alikuwa amelala. Nikamgusa bega. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Ami, si ulinambia nimemaliza?"

Sikuwa na jibu.

Alivaa fulana nne, koti mbili, akaruka kamba kwenye korido ya hoteli. Saa tatu unusu alitokwa na jasho la kutosha. Saa sita kasoro dakika ishirini alisoma 61.9. Tukamwingiza kwenye maji ya moto, tukamfunga mablanketi, tukamtoa, akaruka tena. Saa saba unusu, 61.2. Aliomba kusukutua mdomo. Nikampa kikombe, akasukutua, akayatema humohumo, nami nikakiinamia kikombe kile kuhakikisha maji yametoka yote. Mtu mzima mwenye watoto, nakagua mate ya mtoto wa mwenzangu nione kama ameiba kijiko cha maji.

Baada ya hapo namba ikagoma. Dakika hamsini za kazi zilitoa gramu 200 tu. Nilipomvua koti la juu niliona fulana ina mistari myeupe ya chumvi lakini imekauka. Jasho limekoma. Saa tisa kasoro dakika kumi alishikwa na misuli ya vigimbi, kisha ya tumbo, akajikunja sakafuni. Nilimuuliza jina la mtaa wao, akachelewa kujibu.

Kocha mkuu alisema ni mkazo wa kawaida, tumnyooshe, bado saa tano. Mimi nilisema tuache. Hatukugombana, lakini hatukuelewana. Nikaenda kugonga mlango wa daktari wa timu, ambaye hatukuwa tumemwambia lolote tangu jioni. Alikuja na viatu vya kuogea. Alimshika mshipa wa mkono, akamminya ngozi ya kifua, akamtazama macho. Kisha akamgeukia kocha mkuu: "Kochi, huyu hana jasho tena. Hapa hakuna kilo ya kungoja, kuna mtu wa kumuuguza." Akamkorogea maji ya chumvi na sukari, akampa kidogokidogo kwa kijiko, akakaa naye hadi kukapambazuka.

Mzani ulifunguliwa saa mbili, ukafungwa saa mbili na robo. Hatukwenda.

Matokeo

Sudi alipona kwa siku tatu. Mkojo wake ulirudi kuwa mweupe siku ya pili, na daktari aliridhika na figo zake tuliporudi nyumbani. Katika orodha ya mwisho jina lake liko chini kabisa, bila namba. Anayeifungua leo hataona kwamba alishinda watu wawili.

Kwenye familia jambo lilichukua sura nyingine. Mamake alisikia habari nusunusu, akaamini visheti vyake ndivyo vilivyomponza mwanawe. Aliacha kuvipika. Nilipopata habari nilikwenda kwake Jumamosi moja baada ya alasiri, nikakaa barazani, nikamwambia: "Bi mkubwa, visheti nilimruhusu mimi. Na hata asingevila, kilo tatu hazikuwa visheti." Alinisikiliza huku ananimiminia kahawa. Hakusema amenisamehe wala hakusema hakunisamehe.

Uchambuzi

*Neno "umemaliza".* Kila kosa jingine lingeweza kurekebishwa, lakini hili lilifunga mlango. Mchezaji aliyepigwa kwenye mchezo huu hajatoka mpaka aliyempiga atoke. Sisi tulijua kanuni hiyo, tena mimi niliwahi kuifundisha ubaoni. Tulichokosa ni kuigeuza kuwa mpango wa mchana ule. Kati ya saa saba mchana na saa kumi na mbili unusu jioni palikuwa na saa tano na nusu za kutojua, na tuliziishi kana kwamba tunajua.

Tungefanya nini? Hesabu ni rahisi, na namba tulikuwa nazo. Usingizi wake hutoa gramu 600, na jasho jepesi la asubuhi lingetoa 400 bila kumuumiza. Kwa hiyo mpaka nusu fainali imalizike alitakiwa asipite kilo 61.0. Alitoka mkekani akiwa 60.9. Maana yake ni vibaya kusikia: alikuwa na nafasi ya gramu 100 tu. Kumnyima maji kwa saa tano na nusu akiwa na midomo iliyopasuka kusingekuwa sahihi pia. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hata kama ningefunga mdomo wangu na kopo la visheti, mpango wetu ulikuwa umeshakufa siku nyingi.

*Tulipanga mzani mmoja.* Kurasa zangu za wiki saba zinaishia saa mbili asubuhi ya siku ya kwanza. Hakuna ukurasa wa siku ya pili. Tulimshusha hadi 60.0 kamili, sawa na mtu anayepanga nauli ya kwenda asahau ya kurudi. Tangu kanuni ya siku mbili ije, mtu anayefika kwenye uzito wake kwa kujikamua hana darasa hilo, hata kama mzani wa kwanza umemkubali. Kipimo changu sasa ni hiki: siku tano kabla ya mashindano, akila na kunywa kawaida, asizidi darasa lake kwa zaidi ya kilo moja na nusu. Akizidi, anapanda darasa.

*Mikono iliyokufa.* Robo fainali haikupotea kwa ufundi. Mwili uliopungukiwa maji kwa asilimia 2 tu tayari hupoteza uwezo, na Sudi alikuwa na saa chache tu za kurudisha alichopoteza kwa siku mbili. Katika mtindo huu, ambao mshiko ndio kila kitu, vidole vikishindwa kufunga umebaki na moyo peke yake. Nasikia makocha wakisema kijana alikosa stamina. Tazameni kwanza alikunywa nini.

*Kwa nini 63.1 haikutaka kushuka.* Wengi hudhani maji yaliyoingia mchana yatatoka usiku yaleyale. Mwili uliokaushwa ukipewa wali na supu ya chumvi hushika. Kila gramu ya wanga inayowekwa kwenye misuli huenda na takriban gramu 3 za maji, na chumvi nayo huyazuia. Ndiyo maana kilo 1.2 za kwanza zilichukua saa tatu na kitu, halafu mwili ukafunga.

*Hatukuwa na mtu wa kusema basi.* Mwishoni mwa 1997, Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha kwa ajili ya mzani. Baada ya vifo hivyo mavazi ya plastiki na vyumba vya mvuke vilipigwa marufuku kwenye mieleka ya vyuo kule. Vijana wale nao walikuwa na makocha, na walikuwa wanakaribia namba. Namba ikikaribia macho hupofuka. Sisi tulikuwa na bahati kwamba misuli ilimkamata kabla ya moyo. Uamuzi wa kuacha ulikuwa sahihi lakini ulichelewa kwa angalau saa moja na nusu. Ulipaswa kufanywa jasho lilipopungua, na ulipaswa kuwa wa daktari tangu saa mbili usiku. Kumficha daktari, kwa kuwa tulijua atasema nini, ndilo jambo ninaloliona aibu kuliko yote humu.

*Kilichofanya kazi.* Mitungi ya maji. Kushuka taratibu kwa chakula. Kumpima kabla na baada ya kulala. Daftari, maana bila daftari leo ningekuwa nasimulia kisa ambacho mimi sina kosa. Na daktari mwenye sauti moja isiyotetemeka.

Tulichobadilisha

Kocha mkuu na mimi bado tuko pamoja. Tulizungumza mara moja tu kuhusu usiku ule, ndani ya matatu tukitoka Mtwapa, tukamaliza. Fomu yetu ya uzito sasa ina kurasa mbili, moja kwa kila asubuhi. Juu ya ukurasa wa pili kuna mstari wa kujazwa mara tu kijana anapopigwa: "Aliyetupiga yuko wapi?" Mpaka mstari huo ujazwe "ametoka", chakula na maji vinapimwa, na daktari au muuguzi wa timu ndiye mwenye neno la mwisho.

Sudi alipanda kilo 67. Mwaka wa kwanza alinyanyuliwa kama gunia, kama kocha alivyosema. Mwaka wa pili aliacha kunyanyuliwa. Kwenye mashindano yetu ya mwisho alipigwa asubuhi, raundi ya pili. Nilimkuta kwenye benchi la mbele, taulo mabegani, chupa ndogo ya maji mkononi, anamtazama yule aliyempiga akicheza pambano lake la nusu fainali. Nilikaa kando yake. Hakugeuka.

"Bado, Ami," alisema. "Ngoja kwanza."